Ndama Asiye na Dawa

Kwetu, kwenye mteremko wa Karatu unaotazama Oldeani, mtoto wa kike akishaitwa mbishi wazazi huanza kukata tamaa ya mahari. Mimi niliitwa mbishi kabla sijaota meno ya pili. Kaka zangu walikwenda kuongoza watalii, dada yangu akapata kazi ya jikoni kwenye loji, mimi nikaenda chuo kusoma takwimu. Niliporudi, mama aliniuliza, tukiwa tunapukuchua mahindi, kazi yenyewe ni ya kufanya nini hasa. Nikamwambia ni kazi ya kubisha. Alicheka mpaka akaweka gunzi chini, akasema basi angalau sasa watanilipa.

Sikuwa natania. Kupima kama dawa inafanya kazi ni ubishi wenye adabu. Unaanza kwa kukataa: dawa hii haifanyi kitu, na tofauti yoyote mtakayoniletea ni bahati tu. Halafu unakaa unatazama. Mtu akirusha shilingi ikaangukia kichwa mara mbili tatu mfululizo, husemi neno. Ikiangukia kichwa asubuhi nzima, unaomba uione hiyo shilingi. Ndivyo inavyokuwa kwa dawa. Unauliza: kama kweli haifanyi kitu, je, ni jambo la kawaida kuona tofauti kubwa kiasi hiki? Kama si la kawaida hata kidogo, unameza ubishi wako na kukubali. Mstari wa kukubali, yaani tofauti iwe kubwa kiasi gani, unauchora kabla hujaanza, maana ukishawaona unaowapima na ukawapenda, mkono utauhamisha.

Mradi ulioniajiri ulikuwa unajaribu dawa ya kuzuia kuhara kwa ndama huko Malambo, kwa wafugaji wa Kimasai. Mvua zikianza, ndama wa Malambo huharisha, macho yanaingia ndani, na kukipambazuka unamkuta amelala ubavu. Dawa ilikuwa unga unaokorogwa kwenye maji na kunyweshwa ndama kila wiki. Mradi ungesema inafaa, ingeletwa kwa wafugaji wote wa kata ile. Ungesema haifai, isingerudi tena. Karatasi ikishaandikwa kwamba kitu hakifai, ni nani atakayetoa gari na mafuta kwenda kuuliza mara ya pili?

Kiongozi wetu alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa umri wa baba yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Vumbi la Malambo lilimpanda kifuani, na hakuna kilichoweza kumtoa gesti asubuhi kabla hajanywa supu ya mbuzi kwa chapati mbili. Kwa hiyo siku zote tulifika kwenye boma la majaribio jua limeshapanda, ng'ombe wamekwenda malishoni, ndama wamefungwa, na wanaume wenye boma wametusubiri wakiwa wameegemea fimbo zao. Tuliwauliza wao maswali yetu yote. Walitujibu vizuri.

Kabla ya kuanza nilikuwa nimeomba jambo moja. Nilitaka ile nusu ya ndama ambao wasingepewa dawa wanyweshwe maji yenye rangi na uchungu uleule, ili mtu yeyote pale asijue nani anapata nini. Daktari alinikatalia akicheka.

"Binti, hawa ni wafugaji, si wagonjwa wa hospitali. Ndama naye utamdanganya kwa maji ya rangi? Tupunguze maigizo."

Basi tukarusha shilingi mbele ya kila mtu. Huyu dawa, huyu hana. Ndama waliopata dawa walifungwa uzi mwekundu shingoni.

Mvua zilipokwisha nilikaa na takwimu ofisini Karatu. Ndama wenye uzi waliharisha. Ndama wasio na uzi nao waliharisha. Tofauti ilikuwepo, lakini ndogo, ya aina ambayo bahati inaweza kuileta bila kutoka jasho. Mstari tuliouchora haukuvukwa. Daktari akaandika ripoti siku hiyohiyo, na mwishoni akaweka sentensi iliyonipandisha damu kichwani: imethibitika kwamba dawa haina athari.

"Shikamoo Daktari," nilimwambia, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. "Haijathibitika."

"Marahaba. Si wewe mwenyewe umeniletea majibu?"

"Nimekuletea majibu kwamba hatujaona. Wewe umeandika kwamba hakuna."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Daktari, ukungu ukishuka ukafunika Oldeani, unaandika kwamba imethibitika mlima haupo?"

Mhasibu aliyekuwa meza ya jirani aliinamisha kichwa ili tusimwone akicheka. Daktari hakucheka. Alinisogezea ripoti na kalamu, kwa sababu chini ya jina lake palikuwa na nafasi ya sahihi ya mtakwimu, na bila sahihi hiyo ripoti isingepokelewa huko ilikokuwa inakwenda. Nikamrudishia kalamu. Kazi nilikuwa naihitaji kuliko watu wengi pale ofisini. Lakini sikuweza kutia mkono wangu kwenye sentensi ile kisha niendelee kula ugali kwa mkono huohuo.

Alinikaripia, akanisihi, akaniuliza nimeona ndama wangapi maishani mwangu. Mwisho akasema niende Malambo mwenyewe, kwa basi, nikautafute huo mlima wangu. Nisipouona, nitie sahihi au niondoke.

Huko Malambo nilifikia kwa mama mwenye nyumba ya kwanza katika boma lile, mke mkubwa, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Kwa heshima nilimwita yeyo, yaani mama, kama vijana wote wa pale. Kiswahili chake alijifunza mnadani, akiuza ngozi na kununua sukari, na alikitumia kama mtu anayebishania bei. Aliponiona nimeshuka peke yangu, bila gari, bila wanaume, alinisalimia "Takwenya," nikaitikia "Iko," akautazama mkoba wangu, akaniingiza ndani. Nililala kwake juu ya ngozi, na kulipopambazuka akaniamsha niende naye kukama.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote wa mradi wetu kuona maziwa yakikamwa Malambo.

Huko ng'ombe anaweza kuwa wa mwanamume, lakini maziwa ni ya mwanamke. Mwanamume anayeuliza maziwa kiasi gani yamebaki kwenye kiwele anajiaibisha. Mama anakama chuchu mbili kwenye kibuyu chake, mbili anamwachia ndama, naye ndama ananyonya upande wa pili hukohuko wakati mama anakama. Nilichuchumaa pembeni. Ng'ombe wa kwanza, ndama wake alikuwa na uzi mwekundu: chuchu mbili kwenye kibuyu, mbili kwa ndama. Ng'ombe wa pili, ndama wake hana uzi. Yeyo akakama chuchu moja, akanyanyuka, akamwachia ndama tatu.

Nikadhani amejisahau. Ng'ombe wa tatu, ndama asiye na uzi, chuchu tatu. Wa nne, mwenye uzi, mbili.

"Yeyo," nikasema, "mbona huyu umemwachia nyingi?"

Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Hii hapana dawa. Ile iko na dawa. Sasa hii ikose yote mbili kwa nini?"

Nikamuuliza kama ni yeye peke yake. Akaita ng'ambo ya boma, kwa wake wenzake wawili, wakajibu kwa Kimasai huku wakiendelea kukama, na hata mimi Mmbulu nisiyejua Kimasai nilielewa. Wote walifanya hivyo. Hakuna aliyewaagiza. Watu wa gari walikuja wakawanyima nusu ya watoto wao dawa kwa kurusha shilingi, na wao wakarudisha haki kwa njia waliyokuwa nayo mkononi. Wanaume wa boma hawakujua, na sisi tulikuwa tumewauliza wanaume.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye samadi. Kisha hasira ikanishika. Mtihani wetu mzima ulikuwa umeipambanisha dawa na huruma ya kina mama, na huruma ilikuwa imetoa sare. Labda dawa ilikuwa inafanya kazi kubwa kabisa. Labda haikuwa inafanya kitu, na ni maziwa tu yaliyopanda na kushuka. Hakuna hesabu duniani ambayo ingeweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili baada ya kukorogwa namna ile, na mtu mmoja Karatu alikuwa amekwisha kuandika kwamba imethibitika.

Nilimrudia Daktari nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Naye akasema neno ambalo namheshimu kwalo mpaka leo: "Wanangu mwenyewe wamenyonyeshwa, na sikufikiria hilo." Akachana ule ukurasa. Tungerudia mvua zijazo, kwa maji ya rangi, kama nilivyotaka. Lakini gari lingekuwa moja, mara moja, na baada ya hapo mradi ungefungwa kwa jibu lolote litakalokuja. Hakukuwa na mara ya tatu.

Kazi ngumu haikuwa kwake. Ilikuwa kwa kina mama. Niliketi nao nje ya nyumba ya yeyo nikawaambia kila ndama atakuwa na chupa yake. Nyingine ni dawa, nyingine ni maji machungu. Mimi sitajua ipi ni ipi, Daktari hatajua, na wao hawatajua. Atakayejua ni mfamasia mmoja wa Karatu, aliyerusha shilingi yake peke yake na kufunga mdomo. Na ndama wote, wote bila kubagua, waachiwe chuchu mbili.

Walizungumza wao kwa wao muda mrefu. Yeyo ndiye aliyenijibu.

"Wewe nataka tudanganye watoto."

"Nataka tusijue, yeyo. Mkono ukijua, unapendelea. Mikono yenu ni mizuri mno, ndiyo maana ripoti iliandikwa kwamba dawa haifai."

Hilo liliwakera. Nilikuwa nimekusudia liwakere. Mke mdogo alisema jambo kwa ukali, na yeyo akanitafsiria: mwenzake anauliza, kwa hiyo wanaume wa Karatu watasema kina mama wa Malambo ndio walioharibu dawa? Nikasema ndiyo, ndivyo watakavyosema wakipata nafasi. Yeyo akatema mate pembeni. Walikubali kwa sharti moja, nami niliona ni la haki, nikaliandika: ndama yeyote akianza kuharisha, atibiwe papo hapo kwa tiba ya kawaida tunayoijua, maji ya chumvi na sukari, na bwana mifugo aitwe. Sisi tungemhesabu kuwa ameugua, basi. Hakuna ndama angeachwa afe ili tupate kutazama.

Mvua zikaja. Nilihamia Malambo, nikapanga chumba nyuma ya duka, na kila alfajiri nilikuwa bomani. Sijawahi kuona watu wanaoshika neno namna ile. Chuchu mbili, mbili, mbili. Ndama alilia ubavuni pa mama yake na mkono wa yeyo haukupungua wala kuzidi. Tulikuwa tumekwenda huko tukidhani tutawafundisha nidhamu.

Halafu ndama wa yeyo akaugua. Alikuwa jike mwenye rangi ya majivu, mtoto wa ng'ombe ambaye yeyo alitoka naye kwao alipoolewa, na katika uzao wa ng'ombe yule alikuwa ndiye jike pekee aliyebaki. Nilifika nikamkuta yeyo amempakata kichwa. Tulimnywesha maji ya chumvi na sukari. Bwana mifugo alikuja na pikipiki akamdunga sindano, akaondoka akitikisa kichwa.

"Chupa yangu ni maji," yeyo akasema.

"Sijui, yeyo. Huenda ni dawa na haikumsaidia."

"Nani najua?"

"Yule mtu wa Karatu."

"Pigia yeye."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Mtandao unapatikana ukipanda kile kilima nyuma ya boma, si mbali. Nilimwambia siwezi, nikamwambia kwa nini, na kila neno nililolisema lilikuwa la kweli na lilinuka mdomoni mwangu. Nikikufungulia siri wewe, na mwenzako akiuguliwa kesho nitamfungulia, na mwisho wa mvua tutakuwa na hadithi za ndama mmojammoja na hakuna jibu, na dawa haitarudi. Niliichukia takwimu asubuhi ile. Niliichukia kama mtu anavyomchukia ndugu yake ambaye ndiye mwenye haki.

Mke mdogo akaja na chupa yake. Ndama wake alikuwa anarukaruka uani, mzima kabisa. Alimnyooshea yeyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikuweza kunyanyua mkono kumzuia. Yeyo aliipokea. Aliitikisa, akaitazama kwenye mwanga, akamtazama ndama. Kisha akamrudishia mwenzake, akamwambia neno moja la Kimasai, na mwenzake akaondoka nayo akilia.

Ndama alikufa kesho yake kabla ng'ombe hawajatoka. Mimi nililia. Yeyo alikwenda kumkama mama wa marehemu, chuchu mbili, na zile mbili nyingine alikaa akizitazama.

Mvua zilipokatika tulikutana ofisini Karatu, mimi, Daktari na mfamasia. Mfamasia akasoma: huyu dawa, huyu maji, mpaka wa mwisho. Niliingiza kila kitu nikahesabu, halafu nikamwachia Daktari kiti ahesabu mwenyewe kwa kompyuta yake, maana sikutaka mtu aje kusema mbishi amepika jibu. Alihesabu mara mbili. Ndama waliopata dawa waliugua wachache mno kuliko wenzao, wachache kiasi kwamba mtu anayesema ni bahati tu angepaswa kuaibika. Mstari ulikuwa umevukwa, na mbali. Wapo waliopata dawa na bado wakafa; hesabu haimwahidi mtu ndama wake. Lakini ule usemi tulioanza nao, kwamba dawa haifanyi kitu, tuliukataa, na safari hii nilitia sahihi nikibonyeza kalamu mpaka ikatoboa karatasi.

Kisha nikamuuliza mfamasia kuhusu ndama wa rangi ya majivu. Alitafuta kwa kidole.

"Maji," akasema.

Jambo kama hilo halisemwi kwa simu. Nilipanda basi. Yeyo alikuwa anapaka samadi ukuta wa nyumba yake, na wake wenzake walikuwa karibu. Sikuzunguka. Nikamwambia dawa inafanya kazi, imeonekana, hakuna atakayeweza kusema vinginevyo, na wao ndio walioionyesha. Kisha nikamwambia chupa yake ilikuwa maji. Nikaanza kusema pole.

"Acha," akasema. Alifuta mikono kwenye majani. "Hapana niambie pole. Niambie dawa nakuja lini."

Nilifungua mdomo, nikaona kwamba sijui. Ripoti ilikuwa imekwenda juu. Daktari alisema itajadiliwa.

"Hujui," akasema yeyo. "Pigia mkubwa wako. Hapa, mbele yangu."

Tukapanda kilima, wanawake wote watatu nyuma yangu. Nilipiga, nikaweka sauti kubwa. Daktari alifurahi kunisikia. Nikamweleza niko wapi na nimeulizwa nini. Akakohoa, akasema mambo haya yana utaratibu wake, kuna vikao, kuna bajeti ya mwaka ujao, wafugaji wawe na subira, na kwamba wenye maswali wanakaribishwa sana ofisini wakati wowote wakipata nafasi.

Yeyo alikuwa ameinamisha sikio karibu na simu kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Ofisi yake iko Karatu?" akaniuliza.

"Ndiyo, yeyo."

"Mwambie tunakuja."

Daktari alikuwa bado anasema "haloo, haloo" wakati yeyo anateremka kilima. Aliinama akaingia ndani kutafuta katambuga zake za tairi, na wake wenzake wakaenda kutafuta zao.